Kwa nini vipimo vyetu vya sauti havipungui kwa desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu?

Mwalimu wa Kisauni ameuliza:

Assalaam aleikum, na salamu kwa wote. Ninafundisha fizikia katika shule ya upili upande wa Kisauni, Mombasa, na klabu yetu ya sayansi imeamua kuchunguza jinsi ukali wa sauti unavyobadilika msikilizaji anapozidi kusogea mbali na chanzo. Kanuni tunayoisoma vitabuni ni kwamba ukali, yaani nishati inayopita kila sekunde katika kila mita moja ya mraba, hupungua kwa kinyume cha mraba wa umbali: ukiwa mbali mara mbili unabaki na robo, ukiwa mbali mara tatu unabaki na sehemu moja ya tisa. Kwa kipimo cha desibeli, robo hiyo ni upungufu wa desibeli 6, na wanafunzi wangu waliutarajia upungufu huo katika kila hatua.

Tulichukua spika moja ndogo, tukaiweka juu ya stuli katikati ya uwanja wa mpira, tukacheza mvumo wa redio isiyoshika stesheni, na tukasoma kiwango kwa programu ya simu. Kwenye mita 1 tulipata desibeli 88, kwenye mita 2 tukapata 82, kwenye mita 4 tukapata 77, kwenye mita 8 tukapata 73, na kwenye mita 16 tukapata 70. Hatua ya kwanza inakubaliana na kanuni barabara, lakini baada ya hapo mambo yanazidi kulegea, hata kutoka mita 8 hadi 16 tunapoteza desibeli 3 peke yake. Uwanja hauna kuta karibu. Upande mmoja ipo barabara kuu ambayo magari hayakatiki.

Siku ya mvua tulirudia jaribio ndani ya ukumbi wa shule, wenye kuta za saruji, sakafu ya terazo na dari ngumu, kwa umbali ule ule. Huko tulipata 88, 83, 81, 79 na 79. Yaani kutoka mita 8 hadi 16 sauti haikupungua kabisa.

Kuna na jambo la tatu, ambalo si la darasani. Ninakaa Tudor, karibu na maji, na usiku husikia spika za shughuli zilizoko Mishomoroni, ng'ambo ya mkono wa bahari, kana kwamba ziko mtaa wa pili, ilhali mchana wa siku hiyo hiyo, shughuli ikiwa imekwisha kuanza, sisikii kitu. Mwanafunzi mmoja ameniuliza iwapo kanuni hii inafanya kazi kwenye karatasi tu. Ni swali la haki, nami ningependa kumjibu kwa ushahidi wala si kwa kumwambia aamini kitabu. Naombeni msaada wenu.

Bint wa Mji wa Kale amejibu:

Wa aleikum salaam, Mwalimu. Mwambie mwanafunzi wako kwamba vipimo vyenu ni vizuri sana, kwa sababu kila nambari mliyoiandika inaeleza kitu kilichokuwapo mahali pale. Kanuni yenyewe haijavunjika popote.

Tuanze na asili yake. Spika ikitoa nguvu ya P wati pande zote sawasawa, basi kwenye umbali wa r nguvu hiyo imetandazwa juu ya uso wa tufe lenye eneo la 4πr². Hakuna nishati iliyopotea njiani. Ni ile ile, ila imekuwa nyembamba, kama donge la chapati linavyozidi kuwa jembamba kadiri linavyosukumwa likapanuka. Ndiyo maana tunaandika I = P / 4πr². Spika ikiwekwa juu ya ardhi ngumu, sauti hutandazwa kwenye nusu ya tufe, kigawanyo kinakuwa 2πr², na ukali unakuwa mara mbili, sawa na kuongeza desibeli 3. Lakini mwendo wa kupungua unabaki ule ule. Desibeli 6 mnazozitafuta, kwa hiyo, zinatoka katika umbo la nafasi zaidi kuliko katika tabia ya sauti, na mwanga wa taa moja gizani hufuata hesabu hiyo hiyo.

Kuna jambo linalowachanganya wengi, na huenda wanafunzi wako wakalikuta wakisoma zaidi. Maikrofoni haipimi ukali moja kwa moja. Inapima kupanda na kushuka kwa shinikizo la hewa, na shinikizo hilo hupungua kwa kinyume cha umbali wenyewe, si cha mraba wake. Ukali nao unalingana na mraba wa shinikizo. Ukienda mbali mara mbili, shinikizo linabaki nusu na ukali unabaki robo, na ukiyageuza yote mawili kuwa desibeli kwa njia yake unafika kwenye upungufu ule ule wa 6. Nimewahi kuona watu wakibishana juu ya hili kwa muda mrefu ilhali kila mmoja alikuwa sahihi kwa kile alichokitaja.

Sasa uwanja wenu. Simu haijui ipi ni sauti ya spika na ipi ni ya lori. Hupokea zote na kuzijumlisha, na ujumlishaji huo ni wa nishati. Desibeli 70 na desibeli nyingine 70 hazifanyi 140, bali hufanya 73. Tuchukulie kwamba kelele ya barabara inafika uwanjani kwa desibeli 69. Spika peke yake, kwa kufuata kanuni bila kosa lolote, ingetoa 88, 82, 76, 70 na 64. Jumlisha kila moja na ile 69 kwa njia ya nishati: kwenye mita 1 unapata 88.1, kwenye mita 2 unapata 82.2, kwenye mita 4 unapata 76.8, kwenye mita 8 unapata 72.5, na kwenye mita 16 unapata 70.2. Zikadirie hadi desibeli kamili na utaona 88, 82, 77, 73 na 70, yaani vipimo vyenu vyote vitano. Kwenye mita 16 spika ilikuwa chini ya barabara kwa desibeli 5, na karibu robo tatu ya nishati iliyoingia kwenye simu ilikuwa ya magari.

Huenda ukauliza kwa nini kelele ya magari iwe ile ile katika sehemu zote tano ilhali nayo ni sauti na inapaswa kupungua kwa umbali. Kwanza, barabara iko mbali kiasi kwamba hatua zenu za mita chache hazibadilishi sana uwiano wa umbali. Pili, na hili ni la kupendeza zaidi, magari yanayofuatana bila kukatika hayafanyi kazi kama nukta moja bali kama mstari mrefu. Nishati ya mstari hutandazwa juu ya uso wa mcheduara, ambao eneo lake hukua sambamba na umbali wenyewe, na kwa hiyo kelele ya barabara hupungua kwa desibeli 3 tu kila umbali unapoongezeka maradufu. Watu wanaokaa karibu na barabara ya Daraja la Nyali wanaujua ukweli huu bila kuupima: kuhamia nyumba iliyo mbali mara mbili hakuleti nafuu waliyoitarajia.

Dawa ni kuzima spika na kupima uwanja mtupu kabla ya jambo lingine lolote. Hesabu zenu zitakuwa salama mahali ambapo spika inazidi kelele hiyo kwa desibeli 10 au zaidi, kwa maana hapo kelele huongeza chini ya nusu desibeli. Tofauti ikipungua hapo, toeni nishati ya kelele kwanza ndipo mchore grafu. Grafu yenyewe ichorwe kwa logarithimu ya umbali kwenye mhimili wa chini. Kanuni ikifuatwa, mtapata mstari ulionyooka unaoshuka desibeli 20 kila umbali unapoongezeka mara kumi.

Ukumbini hadithi ni nyingine kabisa. Saruji na terazo hurudisha karibu sauti yote inayozigonga, kwa hiyo msikilizaji hupata sauti mbili: ile inayotoka moja kwa moja kwenye spika, ambayo inapungua kwa kanuni yetu, na ile iliyokwisha kugonga kuta mara nyingi ikaenea chumbani kote kwa kiwango kimoja. Nimejaribu kwenye vipimo vyenu: sauti ya moja kwa moja ya 87.5 kwenye mita 1, pamoja na mwangwi uliotandaa wa desibeli 79, hutoa nambari zenu. Sauti hizo mbili zinalingana kwenye umbali wa karibu mita 2.7. Aliye mbele ya hapo anamsikia msemaji. Aliye nyuma ya hapo anausikia zaidi ukumbi, na ndiyo sababu wanafunzi wa viti vya nyuma hulalamika kwamba sauti ni kubwa lakini maneno hayashikiki.

Aliyeliweka jambo hili katika hesabu ni Wallace Clement Sabine, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mwaka 1895 alitakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara wa jumba la makumbusho la Fogg, ambamo neno moja lilibaki likisikika kwa sekunde 5 na nusu hivi baada ya kutamkwa. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa umetulia, kwa bomba la kinanda na saa, akibeba mito ya viti kutoka ukumbi jirani wa Sanders Theatre na kuipanga ndani kidogo kidogo, akipima muda wa sauti kufifia kila alipoongeza. Akagundua kwamba muda huo unalingana na ujazo wa chumba ukigawanywa kwa jumla ya ufyonzaji, na kipimo chake cha ufyonzaji kilikuwa mita ya mraba ya dirisha lililo wazi, kwani sauti inayotoka dirishani hairudi. Mnaweza kulijaribu hili: fungueni milango na madirisha yote ya ukumbi, au ujazeni wanafunzi, kisha mpime tena kwenye mita 8 na 16. Nambari zitashuka.

Fundi Mitambo wa Makupa amejibu:

Mwalimu, naungana na Dada katika yote aliyoyasema, nami nitaongeza yale ninayokutana nayo katika kazi ya kufunga mitambo ya sauti kwenye harusi, maulidi na mikutano ya hadhara.

La kwanza ni mahali pa kuanzia kupima. Kanuni inaichukulia spika kama nukta, na spika si nukta. Ukisimama karibu na kasha kubwa lenye spika mbili za besi na pembe ya sauti za juu, kila sehemu inakupigia kutoka upande wake, na ukisogea kidogo kiwango kinapanda na kushuka bila utaratibu. Anza mbali mara kadhaa ya upana wa kasha lenyewe. Kwa spika yenu ndogo, mita 1 inatosha; kwa yale makasha ya uwanjani haitoshi. Mlifanya vyema pia kutumia mvumo badala ya mlio mmoja mwembamba, maana mlio wa frikwensi moja hugonga ardhi na kurudi, ukakutana na ule ulionyooka, na mahali pengine huzidishana, pengine huuana, mkapata nambari zinazoruka.

La pili ni matumizi, na hapa ndipo ninapoumia ninapoona kazi za watu wengine. Tuseme hadhira imekaa uwanjani hadi mita 40, na mwenye shughuli anataka desibeli 80 kwa mtu wa mwisho. Mafundi wengi huweka mnara mmoja wa spika mbele na kufungua sauti mpaka nyuma waridhike. Kutoka mita 1 hadi 40 sauti inapoteza desibeli 32, kwa hiyo mnara huo lazima utoe 112 kwenye mita 1, na wageni waliokaa mita 4 kutoka hapo, ambao mara nyingi ni wazee waliopewa viti vya heshima na watoto wanaocheza mbele, wanapokea desibeli 100. Kwa mwongozo unaotumiwa sana katika afya ya kazini, ambao huruhusu saa 8 kwa desibeli 85 na kupunguza muda kwa nusu kila desibeli 3 zinapoongezeka, desibeli 100 zinavumilika kwa dakika 15 tu. Harusi haiishi kwa dakika 15.

Ukiweka spika nne zilizotengana, kila moja ikihudumia mita 10, kila spika inahitaji kutoa 100 tu kwenye mita 1 ili mtu wa mwisho wa eneo lake apate zile 80. Aliye mita 4 kutoka spika anapata 88 badala ya 100, na hata ukijumlisha kinachotoka kwa spika za jirani, tofauti ni kubwa. Desibeli 12 zilizopungua ni sawa na kuigawa nguvu kwa 16, kwa hiyo spika nne kwa pamoja hutumia robo ya nguvu ya ule mnara mmoja. Anayefaidika zaidi ni jirani asiyealikwa: mtu aliyelala mita 400 kutoka hapo angepata desibeli 60 kutoka kwa mnara, lakini kutoka kwa spika nne anapata 54 hivi. Hizo 6 ni sawa na kuihamisha nyumba yake mbali mara mbili.

Lazima lakini kila spika ya nyuma icheleweshwe kwenye mikisa, yaani mashine ya kuchanganya sauti. Katika joto letu la nyuzi 30, sauti huenda karibu mita 349 kwa sekunde, kwa hiyo mita 10 huchukua takriban milisekunde 29. Usipochelewesha, mtu wa nyuma atasikia spika ya karibu kwanza, kisha ya mbele baadaye, na pengo likizidi milisekunde 50 hivi maneno husikika mara mbili. Hapo mwenye shughuli humwambia fundi aongeze sauti, na kuongeza hakusaidii kitu.

Baharia wa Likoni amejibu:

Mimi nitajibu swali la ng'ambo ya maji, kwa sababu maisha yangu ya kazi yamekuwa baharini na honi za meli nimezisikiliza katika kila hali ya hewa.

Sababu kubwa, na iliyo sahili kuliko zote, ni ile ile ya uwanja wa shule. Mchana Tudor yenyewe ina kelele zake, za tuktuk, mashine na watoto, na spika ya Mishomoroni ikifika kwako na desibeli 45 inazama ndani yake. Usiku kelele hizo zinaposhuka, zile 45 zinabaki zimesimama peke yake.

Hata hivyo kuna sababu ya pili, na hapo sauti yenyewe hubadilika kweli. Kanuni ya kinyume cha mraba inachukulia kwamba sauti inasafiri kwa mistari iliyonyooka, na hewa ya kweli huipinda. Sauti huenda kasi zaidi katika hewa ya moto. Mchana jua likichoma lami, mabati na mchanga, hewa ya chini inakuwa ya moto kuliko ya juu, sehemu ya chini ya wimbi inatangulia, na wimbi lote linainama kuelekea mbinguni. Msikilizaji wa mbali anabaki katika kivuli cha sauti. Usiku ardhi ikipoa hali hiyo huisha, na mara nyingi hugeuka, sauti ikapindwa kushuka badala ya kupanda. Juu ya maji joto halibadiliki kwa kiasi hicho, lakini maji yana faida nyingine: ni tambarare, hayana nyumba wala miti ya kuizuia sauti, na huirudisha juu karibu yote badala ya kuifyonza kama vile nyasi na udongo laini.

Upepo nao haudharauliwi. Upepo huwa dhaifu karibu na uso wa maji na wenye nguvu zaidi juu, na tofauti hiyo hupinda sauti kwa namna ile ile: anayesikiliza upande upepo unakoelekea huletewa sauti chini, na anayesikiliza upande upepo unakotoka huporwa. Mishomoroni iko kaskazini mashariki mwa Tudor. Katika miezi ya Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, upepo unatoka upande huo kuja kwako. Katika Kusi unavuma kinyume chake kwa kiasi kikubwa. Mwalimu, andika kila mara unaposikia spika hizo, ni mwezi gani na upepo unatoka wapi. Natarajia orodha yako itakuwa na Kaskazi nyingi.

Mfano mkubwa kuliko wote wa sauti iliyokwenda mbali ulitokea katika bahari yetu hii hii. Tarehe 27 Agosti 1883 mlima wa Krakatoa, baina ya Java na Sumatra, ulilipuka, na huko Rodrigues, kisiwa kilicho mashariki mwa Mauritius, umbali wa karibu kilomita 4,800, mkuu wa polisi aliandika kwamba kumesikika mngurumo kama wa mizinga mikubwa kutoka mashariki. Sauti ilikuwa imechukua takriban saa nne kufika. Kwa umbali kama huo tufe haliwezi tena kuendelea kukua, kwa sababu angahewa ni tabaka jembamba tu juu ya dunia. Sauti hutambaa ndani ya tabaka hilo, ikitanuka kwa upana wala si kwa urefu wa kwenda juu, na kwa hiyo hufifia polepole kuliko kinyume cha mraba kinavyotaka.

Mwalimu wa Kisauni amejibu:

Shukrani nyingi kwenu nyote. Tulirudi uwanjani tukazima spika, na simu ikawa inacheza kati ya 67 na 71 kadiri malori yalivyopita, jambo ambalo liliwafurahisha sana wanafunzi kwa kuwa tayari walikuwa wameiona hesabu ya Bint. Kisha tulipima Jumapili alfajiri, barabara ikiwa imetulia na uwanja mtupu ukisoma 60, tukapata 88, 82, 76, 70 na 65. Yule mwanafunzi aliyeuliza ndiye aliyeichora grafu, na ameibandika ukutani mwa maabara.

Limebaki swali moja, ambalo mzazi mmoja alilileta baada ya kusikia habari za mradi huu. Kanuni za kudhibiti kelele za mwaka 2009 hapa Kenya zinataja desibeli 35 kwa makazi wakati wa usiku. Iwapo spika inatoa desibeli 100 kwenye mita 1, nyumba iwe mbali kiasi gani ili ipate hizo 35?

Bint wa Mji wa Kale amejibu:

Zile 65 za mita 16 ndizo hasa zinazotakiwa: 64 za spika pamoja na 60 za uwanja hufanya 65.5 kasoro kidogo. Hongereni.

Swali la mzazi lina jibu fupi na jibu refu. Kwa kanuni peke yake tunahitaji kupoteza desibeli 65, na 65 ukigawanya kwa 20 ni 3.25, kwa hiyo umbali ni 10 kwa kipeo cha 3.25, yaani karibu mita 1,780. Mtaa gani wa Mombasa una nafasi tupu ya karibu kilomita mbili kuzunguka kila spika? Ndiyo sababu kumwambia mtu asogeze shughuli mbele kidogo hakuleti nafuu: kutoka mita 100 hadi 150 jirani anapunguziwa desibeli 3 na nusu tu, kiasi ambacho sikio linakitambua kwa shida. Lakini fundi akipunguza sauti kwa desibeli 10, ambazo wasikilizaji wengi huzihisi kama nusu ya ukubwa wa sauti, ule umbali wa mita 1,780 unashuka hadi 560 hivi.

Jibu refu ni kwamba hewa nayo inakula sauti, nje kabisa ya kutandazwa kwake, na haili sawa kwa frikwensi zote. Katika joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 70, hali tuliyoizoea hapa pwani, kilomita moja ya hewa hufyonza karibu desibeli 59 za sauti ya hezi 8,000 (mitetemo 8,000 kwa sekunde), desibeli 7 hivi za sauti ya hezi 1,000, na theluthi moja tu ya desibeli kwa sauti ya hezi 125. Kwa hiyo kinachomfikia jirani wa mbali si muziki ule ule uliopungua. Sauti za matari na herufi za maneno zimebaki njiani, na kilichopita ni dundo la besi, ambalo pia hupenya ukuta na mlango kwa urahisi zaidi.

Isitoshe, pembe za sauti za juu unaweza kuzielekeza upande wa hadhira, lakini besi hutoka kwenye kasha kuelekea pande zote, hata nyuma yake. Simu nyingi nazo hupima kwa mizani inayoshusha sauti nzito ili kulifuata sikio, na katika hezi 125 mizani hiyo huondoa desibeli 16 kwenye kipimo. Mzazi akipima dirishani kwake, basi, apime kwa mizani hiyo kwanza, kisha abadilishe programu ichukue mizani ya pili isiyoshusha besi kwa kiasi hicho. Tofauti baina ya nambari hizo mbili ikiwa kubwa, chanzo cha usumbufu wake ni besi, na akizungumza na fundi amwombe apunguze besi kabla ya kupunguza sauti nzima, kwa kuwa hadhira iliyo mita 10 haitapoteza maneno yoyote.